Siku tatu za Mtsyri

Mikhail Lermontov alimaliza utenzi wake "Mtsyri" mwaka 1839, miaka miwili baada ya Tsar Nikolai wa Kwanza kumpeleka uhamishoni Kaukazi kwa kosa la kuandika shairi la kumlilia mshairi mwenzake Pushkin. Mhusika wake ni kijana wa milimani aliyetekwa utotoni na jenerali wa Kirusi, akalelewa na watawa huko Georgia. Usiku wa dhoruba anatoroka. Anakaa porini siku tatu tu.

Wengi huusoma kama sifa kwa mito na misitu, na uzuri huo umo kweli. Lakini tazama pori linavyomtendea: linamtesa kwa njaa, linampoteza njia, linamkutanisha na chui, naye kijana anamuua kwa tawi lenye panda huku kucha zikimchana kifua. Mwishowe anasikia kengele na kugundua kuwa amezunguka, amerudi palepale kwenye nyumba ya watawa. Hapo ndipo Lermontov anaponigusa zaidi. Pori halikumwahidi kijana huyu kwamba litamfikisha kwao. Lilimwachia tu achague, akosee, apigane. Kwa watawa alikuwa salama, walimtibu na kumlisha, ila maisha aliyoyaishi hakuyachagua yeye. Ndiyo maana hata kitandani, akikata roho, hajuti kutoroka. Anamwambia mtawa mzee kuwa yuko radhi kuitoa pepo na umilele wote, apate dakika chache kwenye majabali alikochezea utotoni.