Kosa dogo kuliko unywele: Nani atakayeulizwa?

KATIKA darasa la vijana ninalosomesha baada ya sala ya Alasiri yupo kijana mmoja anayejifunza kazi ya kukereza vyuma katika karakana moja hapa Dar es Salaam. Siku moja, tukiwa katika somo la amana, aliuliza: "Ustadh, nikikata shafti ikapungua kupita kiasi kwa sehemu mbili za mia za milimita, na fundi wangu akaniambia niiache iende kwa sababu mteja hatajua, dhambi ni yangu, ni yake, au hakuna dhambi kabisa?"

Wenzake walicheka. Kwao lilikuwa swali la mtu aliyekosa la kuuliza. Mtu anayeuza mchele kwa mizani iliyochezewa tunamjua na tunamlaani. Lakini sehemu mbili za mia za milimita? Unywele wa binadamu una unene wa takriban sehemu saba za mia. Kijana anazungumzia kosa lisilofika hata theluthi ya unywele. Je, dini ina neno na jambo dogo namna hiyo?

Mimi naona lina neno kubwa, na kwamba swali la kijana huyu linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika tupa.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Wengi wetu tukipita nje ya karakana tunaona vijana waliochafuka kwa grisi, tunadhani ni kazi ya nguvu. La hasha. Mwanagenzi wa ufundi huu, akifundishwa sawasawa, haanzi na mashine. Huanza na tupa na jiliwa. Hupewa kipande cha chuma akisugue mpaka kiwe bapa na pembe zake ziwe sawa, kisha fundi hukiweka dhidi ya ukingo ulionyooka na kukiinua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, kazi inarudiwa. Jambo la kwanza analojifunza hapo ni kwamba jicho lake si shahidi wa kutegemewa. Alichokiona yeye kuwa bapa, mwanga umekataa.

Baada ya hapo hujifunza vipimo: rula, kisha venia, kisha maikromita ya kusoma sehemu ya mia ya milimita. Hapa hujifunza jambo la pili, nalo ni subira. Chuma kikipata joto hutanuka. Shafti ya milimita 50 iliyotoka kwenye mashine ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya kifaa cha kupimia huonyesha unene uliozidi kwa karibu sehemu mbili za mia. Mwenye haraka akiipima hapo hapo na kuikata ifikie kipimo, ikipoa ataikuta imepungua. Ndiyo maana kipimo rasmi cha vyuma duniani huhesabiwa katika nyuzi 20 za Selsiasi, baridi ambayo sisi wa pwani huipata kwa nadra. Na kilichokatwa hakirudi. Fundi mzuri huacha kidogo, husubiri, hupima, ndipo hupitisha kisu mara ya mwisho.

Jambo la tatu ndilo linalogusa swali letu. Hakuna fundi duniani anayeweza kukata shafti ikawa milimita 25 kamili bila kuzidi wala kupungua. Mhandisi analijua hilo, kwa hiyo haagizi lisilowezekana. Mchoro wake unaweza kusema: shafti hii ipungue chini ya milimita 25 kwa si chini ya maikroni 7 na si zaidi ya maikroni 20. Maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Ndani ya mipaka hiyo miwili fundi amesamehewa. Nje yake kazi imekataliwa.

Wapo wanaosema: kama kukosea kumeruhusiwa, basi kuongeza kidogo kuna ubaya gani? Hoja hii nimeisikia maofisini, sokoni na hata misikitini. Jibu lake ni kwamba msamaha ule haukuwekwa kwa ajili ya raha ya fundi. Umewekwa kwa kuangalia shafti itafanya nini itakapoingia kwenye kazi yake, na umewekwa kabla kazi haijaanza. Chukua krenki ya injini. Hailali juu ya beringi chuma kwa chuma, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Nafasi ikizidi, oili hukimbia, presha hushuka, injini huanza kugonga, na baada ya muda beringi hufa. Anayesogeza mpaka baada ya kukosea hajapunguza kosa lake. Amemhamishia mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine ni nani? Ni dereva aliyekopa ili atengeneze gari lake. Miezi kadhaa baadaye injini itakapokufa, atalaumu oili, au atamlaumu aliyemuuzia vipuri. Hatakumbuka karakana. Tumezoea kusema kwamba biashara hujisahihisha yenyewe, kwamba mdanganyifu hukimbiwa na wateja. Hilo ni kweli kwa mwenye kuuza maandazi machachu. Si kweli kwa kosa dogo kuliko unywele, kwa sababu madhara yake huchelewa na njia ya kurudi kwa mwenye kosa imefutika. Hapo soko halioni, serikali haioni, na mteja haoni. Kilichobaki ni ihsani: kufanya kazi kama unayemwona Allah, na kama humuoni, basi Yeye anakuona.

Waislamu tunayo mifano inayopaswa kututosha. Katika Suratul Hadid (57:25) Mwenyezi Mungu ametaja Kitabu na mizani ili watu wasimamie uadilifu, kisha katika aya hiyo hiyo akataja chuma, chenye nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Na katika Surat Sabaa (34:10-11) Nabii Daudi (a.s.), Mtume na mfalme, alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze nguo za vita na azipime vyema pete zake. Aya inamalizika kwa kukumbusha kwamba Allah anayaona wanayoyatenda. Hebu tuzingatie: amri ya kupima sawasawa imefuatiwa na ukumbusho wa kuonwa. Huko Merv nako, Al-Khazini aliandika mwaka 1121 kitabu kizima juu ya mizani na namna ya kugundua dhahabu iliyochanganywa. Waliotutangulia hawakuona kwamba kupima kwa uangalifu ni jambo lililo nje ya dini.

Sasa turudi kwa kijana. Ameagizwa na mkubwa wake. Je, hilo linamwokoa?

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kukata vibaya ni jambo moja, kuficha ni jambo lingine. Mwanagenzi atakata vibaya. Asipokata vibaya hajifunzi. Vyuma anavyoviharibu ndiyo ada ya mafunzo yake. Wanazuoni wa fiqhi wametofautiana kuhusu fundi anayepokea mali za wateja mbalimbali, kama anadhamini kila kinachoharibika mkononi mwake. Lakini kwa mwajiriwa anayemtumikia mtu mmoja, rai mashuhuri ni kwamba halipi kilichoharibika bila uzembe wala kuvuka mipaka. Wenye karakana wanaokata posho ya kijana kila anapoharibu kipande wajiulize wanasomesha nini. Kijana aliyekatwa posho mara mbili kwa kusema kweli, mara ya tatu atanyamaza. Hapo mwenye karakana ameokoa thamani ya chuma na amepoteza fundi.

Kuficha ni jambo jingine. Muuzaji anayeijua kasoro anawajibika kuieleza, na mnunuzi ana haki ya kukubali au kukataa. Aliyetoa amri ana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu ndiye mwenye elimu na mamlaka. Lakini kijana anayejua kisha akaifunga shafti kwenye karatasi na kumkabidhi mteja huku akitabasamu hawezi kusema mkono haukuwa wake. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Najua ugumu wa jibu hili. Sisi ni watu wa adabu. Saidia fundi hamwambii fundi wake, mtu wa umri wa baba yake, kwamba amekosea, tena mbele ya mteja. Lakini ufundi wenyewe umetoa njia. Joseph Whitworth, fundi wa Kiingereza aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, mwaka 1840 aliwaeleza wataalamu waliokutana Glasgow namna ya kupata bamba la chuma lililo bapa kweli. Ukisugua mabamba mawili mpaka yakalingana, hujapata ubapa. Moja linaweza kuwa na tumbo na jingine shimo, nayo yakapatana vizuri kabisa. Inabidi uwe na la tatu, ulinganishe kila moja na mengine mawili. Yote matatu yakipatana, hayana mahali pa kujificha.

Fundi na mwanagenzi wake wakipatana kwamba "inafaa", hao ni mabamba mawili. La tatu ni mchoro na maikromita. Basi kijana hana haja ya kumwambia mzee "umekosea". Aseme: "Fundi, naomba tupime tena pamoja." Kifaa hakijui nani ana mvi. Maudslay mwenyewe alikuwa na kifaa chake cha kupimia ambacho katika karakana yake kilipewa jina la cheo cha hakimu mkubwa wa Uingereza, kwa kuwa neno lake lilikuwa la mwisho. Na kipimo kikikataa, mara nyingi ipo njia ya halali: kuchonga bushi mpya inayolingana na shafti iliyopungua, kujaza chuma na kukereza upya, au kumweleza mteja ukweli na kupunguza bei. Njia zote hizo zina gharama, na gharama hiyo ni ya karakana, si ya dereva.

Ndugu msomaji, mimi nimesoma chuo kikuu. Huko mwanafunzi akipata alama 60 kwa 100 amefaulu, na hakuna anayeumia kwa zile 40 alizokosa. Shafti iliyo sahihi kwa asilimia 60 ni chuma chakavu. Kwa hiyo sielewi kwa nini mzazi wa Kiislamu mjini aone aibu mwanawe akienda VETA au karakana, na aone fahari akipata cheti kisichompima kwa ukali huo. Khabbab bin Al-Arat (r.a.), katika Waislamu wa mwanzo kabisa, alikuwa mhunzi.

Nilimjibu kijana yule hivi: kosa la mkono wako husamehewa na mchoro ukiwa ndani ya mpaka, na husamehewa na mwalimu wako ukiwa nje ya mpaka, maadamu umelisema. Ukilificha, limekuwa deni kwa mtu usiyemjua jina, na kumtafuta umlipe itakuwa vigumu. Sikumwambia aache kazi. Nilimwambia arudi, apime mbele ya fundi wake, na anunue daftari aandike kila kipimo anachokitoa na tarehe yake.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu mikono yenye ustadi na ndimi zenye kusema kweli, na awajaalie mafundi wao vifua vya kuwavumilia. Amin.