JE, HIMAYA YA MDHULUMIWA NI UJIRA WA USHAHIDI WAKE?

Mtu alodanganywa kwa ahadi ya kazi, akavushwa bahari, akanyang'anywa pasipoti, akatumishwa bila ya ujira hata akapata upenyo wa kukimbia: huyu ana haki gani katika nchi asiyo na ruhusa ya kukaa? Akirudishwa kwao, huenda wanamngojea wale wale walomuuza.

Marekani ilitoa sharia katika mwaka 2000, ikaweka viza mahsusi kwa watu hawa, zisizozidi 5,000 kwa mwaka, bila ya kuhisabu jamaa zao. Mwenye kuipata hukaa miaka minne na hufanya kazi. Hili ni jambo jema, wala jema halikataliwi kwa kuwa limetoka kwa wengine. Walakini pana sharti: yampasa awasaidie wapelelezi kila wanapomtaka msaada ulio wa haki. Walosamehewa ni wasotimia miaka 18, na wale ambao mateso yamewavunja mwili au akili hata hawawezi.

Wenye kulitetea sharti hili husema: pasipo shahidi hapana hukumu, na dhalimu akiachwa leo, kesho atauza mwengine. Ni kweli, nasi twaikubali. Lakini yataka tutenge mambo mawili. Kushuhudia ni wajibu wa kila ajuaye, mwenye dhiki na asokuwa nayo. Ama himaya, mtu huistahiki kwa kudhulumiwa kwake, si kwa kazi atakayoifanya mahakamani. Amwopoaye mtu kisimani hamuulizi kwanza kama atamtaja alomtia.

Tena mafakihi wetu wametufunza jambo ambalo naona watunga sharia hiyo hawakulipima sawasawa: shahidi ajivutiaye manufaa kwa ushahidi wake hutuhumiwa. Mpe mtu makazi ili aseme, kisha wakili wa mshitakiwa atasimama mbele ya hakimu, "Huyu asema apate karatasi." Basi sharti lilowekwa kuutafuta ushahidi ndilo lilioutia ila. Na mamake yuko kijijini, jirani na ndugu za yule muuzaji, nani atamlinda?

Italia ilishika njia nyengine. Kifungu cha 18 cha sharia yake ya mwaka 1998 chamruhusu mdhulumiwa alo hatarini kukaa miezi sita, na kuongezewa, bila ya kulazimishwa kushitaki. Wako walokwisha kutulia, wakalala usingizi bila ya hofu, kisha wakenda wenyewe kushitaki. Hata hivyo, baadhi ya maofisi ya polisi huko yametaka mashitaka kwanza ndipo yatoe ruhusa, na kifungu kiko kitabuni vile vile.