Mtoto Aliye Ulimi wa Baba Yake

Mtu ahamiapo nchi ya ugeni pamoja na watoto wadogo, katika siku zile za kwanza ni nani aliye mkubwa wa nyumba? Zamani nalidhani swali hili halina haja ya kuulizwa. Tumeamriwa kuwaheshimu baba na mama, wala haikuandikwa kwamba amri hiyo hukoma mtu avukapo mpaka. Walakini mwaka juzi niliona jambo lililonitia mashaka, nami napenda kuwaeleza ndugu wasomaji, maana katika jambo hilo mimi mwenyewe nilikosa.

Sisi wa Baray tumezoea lugha nyingi. Siku ya mnada husikika Kiiraqw, Kidatoga na Kiisanzu, na pengine Kihadzabe chenye sauti zile za kudata kwa ulimi. Wenye elimu ya lugha wanasema hizi si za ukoo mmoja, na hiyo ya mwisho haijaonekana bado kuwa na ndugu yoyote duniani. Tena vitunguu vya bonde la Ziwa Eyasi, vinavyonyweshwa kwa mifereji ya maji ya chemchemi, huwavuta vibarua kutoka kila upande. Basi twajisifu kwamba mgeni kwetu si kitu cha kushangaza. Na kweli hatumshangai. Lakini kutomshangaa mtu ni jambo moja, na kumpokea ni jambo jingine.

Familia ninayoitaja ilitoka Burundi: mume, mke na watoto watatu, wa kwanza mvulana wa miaka tisa, wa mwisho bado yu mgongoni. Walimfuata ndugu yao, mzaliwa wa Katumba, ambaye wazazi wake walikimbia mauaji ya mwaka 1972 na kupewa makazi kule. Yeye ni mmoja wa watu wapatao 162,000 waliopewa uraia wa nchi yetu mwaka 2014. Aliwapa chumba, akawaonyesha njia ya mashamba, kisha akasafiri na mzigo wa vitunguu, akakawia zaidi ya mwezi. Wakabaki peke yao.

Mvulana yule aliletwa shuleni Jumatatu ya kwanza. Lugha yao yafanana na Kiswahili kwa maneno mengi, na sikio la mtoto halina kutu. Hata juma la tatu alikuwa aweza kuomba chumvi na kuuliza njia. Baba yake alikuwa bado hajui ila salamu. Basi kila aendako, mtoto alikwenda naye: kwa msimamizi wa vibarua, kwa mganga wa zahanati, dukani.

Siku moja, baada ya masomo, mtoto alibaki nyuma akaniambia, "Mwalimu, nimemdanganya baba. Je, ni dhambi?" Nikamwuliza ilikuwaje. Akasema baba yake alitaka kilo mbili za unga, alipe Jumamosi apatapo ujira wake. Mwenye duka akamjibu mtoto, "Mwambie baba yako hapa si ghala la wakimbizi. Alete fedha." Naye mtoto akamgeukia baba yake akamwambia, "Anasema unga huu umekwisha kununuliwa na mtu mwingine, tuje kesho."

Nilikuwa na haraka, madaftari yalikuwa yakiningoja. Nikamjibu upesi, "Uongo ni uongo. Waheshimu wazazi wako kwa kuwaambia kweli."

Naye akatii. Jioni ile ile akamweleza baba yake kila neno kama lilivyosemwa. Tangu siku hiyo yule mtu hakwenda dukani tena, wala hakutoka na mtoto wake. Alirudi shambani akakaa nyuma ya nyumba mpaka giza. Mtoto naye akawa kimya darasani. Alikuwa hodari wa kunyosha mkono, akaacha. Mama yake ndiye aliyenieleza, kwa maneno machache na kwa ishara nyingi.

Nililala na jambo hilo usiku mwingi. Sipendi hata leo kuwafundisha watoto kwamba uongo wa huruma si uongo. Nikiufungua mlango huo darasani sitaweza kuufunga. Lakini nilimtoza mtoto deni lisilo lake. Watu wazima wawili walikuwa na neno baina yao, nao wakampa mtoto wa miaka tisa alibebe. Alipolibadili alivunja amri moja, na kama asingelibadili angaliona uso wa baba yake ukianguka mbele ya watu. Mimi niliyesikia habari hiyo nilimkemea yeye, sikumkemea mwenye duka, kwa kuwa mtoto ni mwepesi wa kukemewa.

Nikamkumbuka Yusufu kule Misri, alipokuwa akisema na ndugu zake kwa mkalimani, kumbe aelewa yote. Mkalimani yule alikuwa mtu wa kazi hiyo. Neno kali likipita kinywani mwake halimchomi. Lau angesimamishwa pale mtoto wa Reubeni, amwambie baba yake kwamba yeye ni mpelelezi!

Nikawakumbuka tena Wapolandi wa Tengeru, karibu na Arusha. Waliondolewa kwao kwa nguvu wakati wa vita kuu ya pili, wakapelekwa Siberia, wakapitia Iran, na tangu mwaka 1942 wakafika huku wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo hata leo. Walipata taabu kubwa, lakini walikuwa pamoja: walikuwa na kanisa lao, na shule zenye kufundisha kwa lugha yao. Mama akitaka neno kambini alimpata mtu mzima wa kumsikia. Familia moja iliyo peke yake katika kijiji cha watu haina hata hilo. Ina mtoto tu.

Nikaenda kwa mwenye duka. Si mtu mbaya. Kanisani twakaa benchi moja. Nilipomweleza alishangaa, akasema, "Mwalimu, mimi sikusema na yule mtu. Nilisema na mtoto tu." Sikuwa na la kumwongezea.

Kisha nikaenda kwa baba wa mtoto, nikamwomba radhi kwa kinywa cha mkewe, aliyekuwa amejifunza kidogo. Tukapatana nije jioni mbili kila juma. Nilikuwa nimetayarisha majina ya vitu na hesabu ya fedha, lakini yeye alitaka kwanza maneno mawili tu, akayarudia mpaka taa ikataka mafuta: "Sema nami."

Mwezi uliofuata nilikuwa dukani nikinunua kiberiti alipoingia na mwanawe. Mwenye duka akamwinamia mtoto kama desturi. Yule mtu akaweka mkono juu ya meza akasema, "Bwana, sema nami." Mwenye duka akainua macho, akamtajia bei yeye mwenyewe, polepole. Yule mtu akahesabu fedha kwa sauti, akakosea, akatoa zaidi ya bei. Mwenye duka akamrudishia ile iliyozidi. Mtoto alikuwa amesikia kosa tangu mwanzo. Nalimwona akiuma midomo. Hakusema neno hata walipotoka nje, na huko mlangoni nikamsikia akimfundisha baba yake, kwa lugha ya kwao, tofauti ya sita na saba.