Uso wa Kubuni na Ukweli wa Mtu

Mwezi Machi 1971 Marc Bolan, kiongozi wa bendi ya T. Rex, alitokea kwenye televisheni ya Uingereza akiwa amepaka unga wa kumetameta chini ya macho, na wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa roki ya glamu. Mwaka uliofuata David Bowie, aliyezaliwa kwa jina la David Jones, alipanda jukwaani akiwa Ziggy Stardust: nywele nyekundu, nguo za kubana, uso wenye rangi, na kisa cha nyota wa muziki mwenye ujumbe kutoka angani. Mtindo wenyewe haukudumu. Kufikia 1975 nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Swali uliloliacha lingali hai: je, mtu anayejibunia jina, sura na tabia, kisha akasimama mbele za watu kwa sura hiyo, ni mwongo? Nasema si mwongo, maadamu masharti mawili yametimia: watazamaji wajue kwamba sura ni ya kubuni, na aliyeibuni akubali kuwajibika kwa yote atendayo ndani yake. Ushahidi wangu ni yaliyowapata wanamuziki hao, na waliowarithi, katika miongo iliyofuata.

Augustino, askofu wa Hippo, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo, na kiini chake alikiona katika nia ya kudanganya, wala si katika maneno kutolingana na hali ilivyo. Waislamu nao hufundishwa tangu utotoni kwamba matendo hupimwa kwa nia. Kwa kipimo hicho Ziggy hakumdanganya mtu. Walionunua tiketi walijua kwamba nyuma ya rangi ile yupo kijana wa London, na tarehe 3 Julai 1973, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon, Bowie mwenyewe aliwatangazia kwamba hilo ndilo onyesho la mwisho. Imani iliyotawala roki kabla ya Bolan na Bowie ilikuwa kwamba msanii mkweli ni yule aliyevaa jinzi kuukuu na kuimba yaliyo moyoni bila pambo. Lakini jinzi ile nayo ilikuwa vazi la jukwaani, na unyofu ule nao ulifanyiwa mazoezi. Kati ya anayekiri kwamba anaigiza na anayetaka tusahau kwamba anaigiza, sioni kwa nini yule anayekiri ndiye abebe jina la uongo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya glamu imekuwa ndefu. Najua kudumu peke yake hakuthibitishi ukweli. Hata upotovu hudumu. Kinachothibitisha ni aina ya uzao. Brian Eno alitoka katika bendi ya glamu ya Roxy Music mwaka 1973, akageukia muziki tulivu usio na hata chembe ya mng'aro wa zamani, kisha akashirikiana na Bowie katika albamu zinazohusishwa na Berlin. Vijana wa panki wa 1976, waliodharau fahari ya roki, wengi wao walikuwa wamekua wakimsikiliza Bolan na Bowie. Wakaja Boy George na Duran Duran katika miaka ya 1980, na mwaka 2016 Lady Gaga ndiye aliyemuenzi Bowie katika tuzo za Grammy. Kama urithi ungekuwa wanja na viatu vya soli nene tu, tungeachiwa nakala zinazofanana. Tulichoachiwa ni watu tofauti kabisa, na kinachowaunganisha ni kusadiki kwamba nafsi ni kazi ambayo mtu huendelea kuijenga. Kilichowasaidia wengi hivyo kuwa wao wenyewe ni vigumu kukiita udanganyifu.

Pingamizi la kwanza linatoka karibu na kwetu. Freddie Mercury wa Queen, bendi iliyochipuka katika enzi hiyo ya glamu, alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Hadharani hakulizungumzia sana chimbuko lake, na habari za ugonjwa wake wa UKIMWI alizitoa siku moja tu kabla ya kufariki, Novemba 1991. Je, huyu hakujificha? Alijificha, lakini kutosema si sawa na kudanganya. Hakuna msanii anayewiwa na umma kila kitu cha nyumbani kwake, sembuse mtoto wa wahamiaji katika nchi ambayo jina geni lilikuwa mzigo. Hata hivyo, mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta. Jina la jukwaani halikumfuta Farrokh.

Pingamizi zito zaidi ni Paul Gadd, mwimbaji wa glamu aliyejulikana kama Gary Glitter. Mwaka 1999 alihukumiwa kwa kumiliki picha za unyanyasaji wa watoto, na mwaka 2015 alifungwa miaka 16 kwa makosa ya kingono dhidi ya wasichana watatu, aliyoyatenda kati ya 1975 na 1980. Anayesema kwamba mng'aro ulimpa uovu mahali pa kujificha anasema kweli, na haitoshi kumjibu kwamba uovu hujificha pia chini ya suti na majoho. Jibu ni sharti la pili. Sura ya kubuni inamruhusu mtu kuonekana vingine. Haimruhusu kumdhuru mtu kisha kumsingizia mhusika wake. Bowie naye, mwaka 1976 akiwa katika sura nyingine, alitoa kauli za kuusifu ufashisti. Baadaye alizijutia, na ilimpasa, kwa kuwa waliozisikia walimsikia yeye.

Linabaki pingamizi la mcha Mungu: aliyeumbwa na Muumba ana haki gani ya kujiumba upya? Naliheshimu swali hili, lakini dini zenyewe hazimwachi mtu alivyo. Humvisha vazi la ibada, humpa jina jipya, humtaka atende kwa subira kabla hajawa na subira. Aristotle alifundisha vivyo hivyo: mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Tulichopewa ni mwanzo, na tutaulizwa tulikifanyia nini. Tarehe 8 Januari 2016, siku alipotimiza miaka 69, Bowie alitoa albamu ya Blackstar; siku mbili baadaye alifariki kwa saratani ambayo umma haukuijua. Katika kazi hiyo alimbuni mhusika wa mwisho, mgonjwa kitandani aliyefungwa kitambaa machoni, na kupitia kwake alisema kuhusu kifo yale ambayo hakuyasema kwa uso wake mwenyewe. Kwa hiyo tusimhukumu mtu kwa kuwa amevaa uso wa kubuni. Tumuulize anausemea nini, na kama yuko tayari kuuvua anapodaiwa jibu.