Deni la Asiye Mwanachama

Faida za chama cha wakulima ni za namna mbili, na swali la haki linazuka katika namna moja tu. Zipo zinazomfikia aliyeandikwa daftarini peke yake: pembejeo za mkopo, malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa mnadani Moshi, fungu la nyongeza kutoka soko la biashara ya haki. Asiye mwanachama hazipati, na hakuna anayemdai kitu. Nyingine husambaa zenyewe: bei inayopanda kwa sababu mnunuzi hawezi tena kumrubuni mkulima mmoja mmoja, miche iliyoboreshwa, sifa ya kahawa ya mlima mzima wa Kilimanjaro. Hizi hazichagui mtu. Mkulima wa Kibosho ambaye hajawahi kulipa kiingilio wala kununua hisa anauza kwa bei iliyojengwa na jirani zake. Je, anadaiwa?

Katika miteremko ya Kilimanjaro swali hili limekuwapo tangu vyama vya kahawa vilipoanza. Mwaka 1923 walowezi wa Kizungu waliunda chama chao, na miongoni mwao walikuwapo waliotaka Wachagga wasilime arabika kabisa, kama Waafrika walivyozuiwa Kenya. Walisingizia magonjwa ya mimea na wizi wa kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga wakaanzisha Kilimanjaro Native Planters' Association, wakiungwa mkono na Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza, huku uongozi ukiwa kwa Joseph Merinyo. Chama hicho kilinunua dawa za kupulizia mibuni na kutafuta soko, lakini jambo kubwa kuliko hayo ni kwamba kilisaidia kulinda haki yenyewe ya Mchagga kuwa na mbuni kihambani, yaani katika shamba la nyumbani kwake. Haki hiyo aliipata kila mtu, aliyejiunga na aliyekaa pembeni.

Wazee wa mlimani walikuwa na jibu lao kwa hali kama hiyo kabla kahawa haijafika, nalo limo katika mifongo, yaani mifereji ya maji. Mfongo huchota maji ya mto juu karibu na msitu na kuyashusha kwa mteremko mdogo hadi kwenye vihamba. Siku ya kuuzibua, kila nyumba inayotumia maji hutoa mtu mwenye jembe. Asiyetokea hutozwa faini. Akikaidi, zamu yake ya maji hurukwa. Hakuna anayejadili kama amefaidika au la, maana mchepuko wa kwenda shambani kwake huzibwa kwa tope na magome ya mgomba, na mambo yameisha. Bei ya kahawa haina mchepuko wa kuziba. Ikishapanda sokoni imepanda kwa wote, na hapo ndipo kanuni ya mfongo inapokwama.

Mwanauchumi Mancur Olson alieleza mwaka 1965 kwa nini makundi makubwa hushindwa kujipangia hata jambo linalomfaa kila mmoja wao: kila mtu huona kwamba mchango wake ni mdogo mno kubadili matokeo, na matokeo atayapata hata asipochanga. Wanafalsafa wamegawanyika juu ya wajibu wa mtu huyo. H. L. A. Hart alisema mwaka 1955 kwamba watu wanapojibana kwa kanuni kwa ajili ya kazi ya pamoja, wana haki ya kumtaka aliyefaidika naye ajibane. Robert Nozick alipinga mwaka 1974. Alitoa mfano wa mtaa uliofunga vipaza sauti, kila mkazi akipangiwa siku yake ya kuburudisha wenzake. Aliyesikiliza na kufurahi, alisema Nozick, halazimiki kushika zamu yake, kwa kuwa hakuomba vipaza sauti hivyo.

Mfano huo una nguvu, lakini haumwelezi muuza kahawa. Sauti humfikia mtu hata akiwa amelala. Bei haifanyi hivyo. Mkulima anayetaka kumuuzia mnunuzi binafsi huuliza kwanza: chama kinalipa ngapi? Baada ya soko kufunguliwa katika msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi walitoa fedha taslimu papo hapo, na wengi wao walipima bei yao kwa malipo ya awali ya chama, wakiongeza kidogo tu. Anayeuliza swali lile ameitumia kazi ya chama kwa kusudi, kama ngazi ya kupandia. Huyu hawezi kusema faida ilimdondokea tu. Methali humpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe, na jirani wa miaka thelathini si mgeni.

Fikra ya Kiislamu, ambayo ina wafuasi wengi Moshi mjini na sehemu kadhaa za mlima, ina hukumu iliyo karibu na jambo hili. Fardhi kifaya, kama vile kumswalia na kumzika maiti, ni wajibu wa jamii nzima. Wakiutekeleza baadhi, waliobaki wamesamehewa. Kwa kipimo hicho asiye mwanachama angekuwa huru, mradi wapo wanaobeba chama. Tofauti iko kwenye idadi. Watu wachache wanatosha kumzika maiti, na wa ishirini haongezi kitu. Chama cha mazao huishi kwa wingi wa kahawa inayopita mizanini: gharama za ghala, karani na usafiri hazipungui sana magunia yakipungua, hivyo kila gunia linalopelekwa pembeni huwaongezea mzigo waliobaki. Kusamehewa kwa mmoja hulipwa na wengine.

Hata hivyo, deni kuwapo hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kulidai kwa nguvu. Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU), chama kikuu kilichochukua nafasi ya chama kile cha 1925, kilipoanzishwa mwaka 1933, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka uliotangulia, haikuchukua muda kabla ya amri za utawala kumtaka kila Mchagga auze kahawa kupitia chama hicho. Bei zilipoanguka, hasira iliyokuwa ikijikusanya ililipuka mwaka 1937 kwa ghasia. Waliopinga hawakuwa wavivu wala wanyonyaji wa jasho la wenzao. Walikataa kubebeshwa wajibu katika chombo ambacho hawakuona kinawasikiliza. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi mazao kwa mashirika yake, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mkulima aliyeshuhudia mabadiliko hayo ana sababu ya kuuliza deni lake liko kwa nani hasa.

Jibu lililo thabiti zaidi ni kwamba liko kwa jirani wanaopeleka kahawa mzani mmoja. Ofisi yenye jina la chama haimdai. Vyama vya msingi kadhaa vilivyojitoa KNCU vikaunda kundi la G32 ili viuze vyenyewe vilionyesha tofauti hiyo: wanachama wake hawakukimbia ushirika, waliuhamisha. Chama kinachochelewesha malipo ya pili, au kisichosoma hesabu zake mkutanoni, kinakula dhamana ya deni hilo, na kikiendelea hivyo asiyejiunga hana cha kulipa.

Aina ya zao nayo ina sauti yake. Jani bichi la chai lazima lifike kiwandani ndani ya saa chache baada ya kuchumwa, kwa hiyo mkulima mdogo wa chai, Rungwe au Kericho, hana pa kukwepea. Kiwanda chenyewe humfunga na wenzake. Kahawa ikishamenywa, ikaoshwa na kuanikwa ikakauka, hukaa ndani ya nyumba kwa miezi. Uaminifu wa mkulima wa kahawa hujaribiwa kila usiku gunia linapolala chini ya kitanda na ada za shule zinasubiri.

Sehemu ya deni hulipika bila uanachama. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye makao Lyamungu, ilianza mwaka 2001 na kwa muda mrefu imetegemea, kwa sehemu, makato ya kahawa inayouzwa. Aina zake za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani zimelipiwa na kila aliyeuza. Kwa utafiti hilo linatosha. Kwa bei halitoshi, kwa sababu bei haijengwi na fedha ya makato bali na kahawa iliyokusanywa pamoja. Agizo la mwaka 2018 la kupitisha kahawa ya wakulima wadogo kwenye vyama vya msingi lilirudisha magunia mizanini, lakini halikuweza kuamua kama yaliletwa na wanachama au na watu waliokosa njia nyingine.