Mungu Alituchagua Kwanza: Je, Hiari Yetu Imebaki?

Katika masomo ya ukatekumeni lipo swali ambalo halikosi kuulizwa. Mara huulizwa na kijana mwenye akili kali, mara na mzee aliyekaa kimya tangu mwanzo wa mafundisho. Nalo ni hili: «Mungu ajua yote. Basi tangu milele ajua nani ataingia mbinguni na nani atapotea. Kama jina langu limekwisha kuandikwa, nitaokoka hata nikiishi katika ulevi. Kama halikuandikwa, hata nikisali usiku na mchana ni kazi bure. Ya nini basi kujisumbua?»

Tusilidharau swali hili. Limewatoa jasho walimu wakubwa wa Kanisa, wala si swali la vitabu tu. Mume aliyemtelekeza mke wake wa ndoa hulishika kama ngao akisema: «Ndivyo nilivyoumbwa.» Na yule aliyeanguka mara nyingi katika dhambi ile ile hulitumia kujihukumu mwenyewe: «Mungu amekwisha kunikataa, nirudi kwake kwa nini?» Wa kwanza hupata humo ruhusa ya kutenda dhambi, wa pili hupata humo sababu ya kukata tamaa. Wote wawili wamedanganywa na uwongo mmoja. Basi tusikilize Mama Kanisa atufundisha nini.

I. Mungu ndiye anayetangulia

Neno la kwanza la imani yetu ni hili: wokovu haukuanza kwetu. Hatukumtafuta Mungu sisi kwanza, bali yeye ndiye aliyetutafuta. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 7, Musa awaambia Waisraeli kwamba hawakuchaguliwa kwa sababu ya wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko mataifa mengine. Walichaguliwa kwa sababu Mungu aliwapenda. Naye Mtume Paulo awafundisha Waefeso kwamba tulichaguliwa katika Kristu hata kabla ya ulimwengu kuumbwa.

Tazameni mtoto mchanga anapoletwa kubatizwa. Hajui kusali, hajafanya tendo jema hata moja, wala hajui kwa nini maji yamwagwa kichwani pake. Lakini saa ile ile anakuwa mwana wa Mungu na mrithi wa mbinguni. Alistahili kwa kazi gani? Hakuna. Neema ni zawadi, si mshahara.

Mwafrika mmoja ndiye aliyelitetea fundisho hili kwa nguvu kuliko wengine wote: Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo. Wakati wake mtu mmoja jina lake Pelagio alifundisha kwamba binadamu aweza kushika amri za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, bila neema ya kumsaidia moyoni. Augustino alimpinga mpaka alipofariki mwaka 430. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa miaka mingi katika dhambi, naye alijua vizuri ni nani aliyemtoa humo.

II. Kujua si kulazimisha

Lakini mtu atasema: «Kama Mungu ajua mwisho wangu, basi mwisho huo siwezi kuugeuza.» Tufikiri kidogo. Mtu amesimama juu ya mlima ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Chini anaona mitumbwi miwili. Mmoja unakata maji kuelekea bandarini, mwingine unaelekea kwenye miamba. Yeye anaona yote mawili. Je, macho yake ndiyo yanayousukuma mtumbwi wa pili kwenye miamba? La hasha. Anayeusukuma ni yule mwenye kushika kasia.

Kwetu sisi kuna jana, leo na kesho. Kwa Mungu nyakati zote zi mbele ya macho yake kama siku moja. Hatuoni tukifanya jambo kwa sababu ameliona, bali aliona kwa kuwa sisi tunalifanya kwa hiari yetu.

Hata hivyo mfano huu hautoshi. Mtu yule wa mlimani ni mtazamaji tu, lakini Mungu si mtazamaji. Yeye hushuka ufukoni, huita kwa sauti kuu, hutuma watu wa kuokoa, akamtuma hata Mwanawe wa pekee. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timoteo, sura ya 2, aeleza wazi kwamba Mungu ataka watu wote waokoke. Paulo hakuandika baadhi ya watu. Aliandika wote.

Kwa sababu hiyo Kanisa halikukubali kamwe kwamba Mungu amewaumba watu fulani ili wapotee. Maaskofu waliokutana Orange mwaka 529, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, walithibitisha kwamba neema hutangulia kila tendo jema, wakakataa kwa ukali fundisho la kwamba uwezo wa Mungu huwapangia watu maovu. Karne ya 16 Calvin alifundisha huko Geneva kwamba Mungu aliwaamulia wengine uzima na wengine upotevu wa milele. Kanisa Katoliki halikupokea fundisho hilo. Tena mwaka 1653 Papa Inosenti wa Kumi alilaani fundisho la kwamba Kristu alikufa kwa ajili ya wateule tu. Mikono ya Bwana wetu msalabani ilinyoshwa kwa ajili ya wote.

III. Hiari yetu ni ya kweli

Sasa neno la pili la imani yetu: Mungu anayetangulia hatulazimishi. Augustino yule yule, mtetezi wa neema, alifundisha kwamba Mungu aliyetuumba bila kutuuliza hatatufanya wenye haki bila sisi kutaka. Na Mtaguso wa Trento, katika tamko la tarehe 13 Januari 1547, uliagiza tushike yote mawili. Bila neema hatuwezi hata kuanza. Lakini neema ikija, hiari yetu huitika na kufanya kazi pamoja nayo, tena yaweza hata kuikataa.

Mvua hutoka kwa Mungu. Mkulima hawezi kuivuta hata tone moja, wala haimnyeshei kwa sababu amestahili. Lakini mvua hailimi wala haipandi. Mwenye kuchukua jembe atavuna mahindi, mwenye kulala atavuna magugu, na mvua ni ile ile. Mwenye kuvuna asijisifu kana kwamba yeye ndiye aliyeleta mvua, na mwenye magugu asiilaumu mvua.

Injili imejaa mifano ya jambo hili. Bikira Maria alichaguliwa kuliko wanawake wote, akajazwa neema kabla hajatenda lolote. Hata hivyo malaika alisimama mbele yake akingoja jibu lake. Mungu Mwenyezi aliomba kibali cha binti wa Nazareti! Kijana tajiri naye aliitwa. Mtakatifu Marko, sura ya 10, asimulia kwamba Yezu alimtazama akampenda, kisha akamwita amfuate. Kijana akaenda zake kwa huzuni. Upendo haukupungua. Ni mguu wake uliogeuka.

Fikirini pia Petro na Yuda. Wote wawili waliitwa kwa jina. Wote wawili waliketi katika karamu ya mwisho. Usiku ule ule mmoja alimsaliti Bwana wake, na mwingine alimkana mara tatu. Yezu hakumfungia Yuda mlango, kwani hata bustanini, alipokuja na askari, alimwita rafiki. Petro alilia, akarudi. Yuda alijuta, lakini hakurudi. Tofauti yao haikuwa ukubwa wa anguko. Petro alikubali kuokolewa.

IV. Maneno magumu ya Maandiko

Wengine watauliza: «Je, Yakobo na Esau? Paulo asema katika barua kwa Waroma, sura ya 9, kwamba Yakobo alichaguliwa kabla ya kuzaliwa.» Ni kweli. Lakini Paulo asema habari za mpango wa Mungu kwa mataifa, yaani ukoo gani utachukua ahadi mpaka kuja kwa Masiya. Hasemi kwamba roho ya Esau iliandikiwa moto. Tena uteule huo haukuwa kwa faida ya ukoo mmoja tu. Abrahamu aliitwa ili mataifa yote yapate baraka kwa njia yake. Anayechaguliwa na Mungu huchaguliwa kwa ajili ya wengine. Basi asiwepo kabila wala jamaa ya kujiita teule na kuwadharau jirani zao.

Na Farao? Kitabu cha Kutoka chasema mara kwamba Mungu aliufanya mgumu moyo wake, mara kwamba Farao mwenyewe aliufanya mgumu. Walimu wa kale walieleza kwa mfano wa jua. Jua lile lile hulainisha nta na kukausha udongo. Kila ishara ya Mungu ilikuwa nafasi ya toba, naye kwa kila nafasi alizidi kukaza shingo.

Baada ya haya yote bado imebaki siri. Namna gani neema yenye nguvu yote haivunji hiari? Mapadri wa Mtakatifu Dominiko na wa Shirika la Yezu walishindana mbele ya Papa juu ya jambo hilo. Mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano alifunga mashindano bila kukataa upande wowote. Kama wenye elimu waliambiwa kunyamaza kwa unyenyekevu, sisi nasi tusione haya kupiga magoti mahali ambapo akili imefika mwisho.

V. Ushahidi wa binti wa Kongo

Tuna mfano karibu nasi, katika nchi yetu. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alizaliwa karibu na Wamba mwaka 1939. Alitamani kuwa sista tangu angali mtoto, akaingia Shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959. Mungu alimwita, naye akaitika. Lakini je, mwito ule ulimwondolea hiari? Tazameni siku zake za mwisho. Mwishoni mwa Novemba 1964, wakati wa vita vya Simba, masista walichukuliwa kwa lori mpaka Isiro. Mkuu mmoja wa askari alitaka kumfanya mke wake. Njia ya kuponyoka ilikuwa wazi: kusema ndiyo. Anuarite alikataa, akichagua kufa kuliko kuvunja nadhiri yake. Akapigwa, akachomwa visu vya bunduki, akauawa kwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua.

Nani atasema kwamba binti huyu alisukumwa kama jani majini? Na nani atasema kwamba aliweza yale kwa nguvu zake peke yake? Neema ilimtangulia, hiari yake iliitika, nayo yote mawili yalikuwa kitu kimoja katika tendo moja la upendo.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri. Siku ile ile, kwa jina la Kanisa, alitamka neno la msamaha kwa ajili ya mwuaji pia. Tukumbuke jambo hili sana. Maadamu mtu ana pumzi, mlango wake wa toba u wazi, hata kama mikono yake ina damu.

VI. Basi tufanye nini?

Wakristu wapenzi, mtu akishikwa na homa ya malaria hasemi: «Kama nimeandikiwa kupona, nitapona bila dawa.» Hukimbilia dispansari. Mbona basi roho ikiugua twaanza kusema habari za maandiko ya milele? Mungu aliyetutakia wokovu ametutakia pia njia za wokovu: sala, sakramenti na matendo ya mapendo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wewe unayesema umeumbwa hivyo: Mungu alikuumba, lakini dhambi yako hakuiumba yeye. Mke wako anangoja nyumbani pamoja na watoto, nawe waijua njia ya kurudi.

Wewe unayesema umekataliwa: Trento imefundisha kwamba Mungu hamwachi mtu asiyemwacha yeye kwanza. Huzuni uliyo nayo juu ya dhambi yako yatoka wapi? Moyo uliotupwa na Mungu hauumii kwa kumkosa. Maumivu yako ni sauti yake akikuita. Jumamosi padri anapoketi katika kiti cha kitubio, nenda, hata kama ni mara ya mia.

Nawe unayejiona kuwa mteule: Trento ile ile imetuonya kwamba hakuna ajuaye kwa hakika kuwa yumo katika hesabu ya wateule, isipokuwa Mungu amemfunulia kwa namna ya pekee. Usijisifu, bali shukuru. Usilale, bali kesha.

Tusali kana kwamba yote yatoka kwa Mungu, kwa maana yatoka kwake. Tutende kazi kwa bidii, kwa maana naye apenda kutenda pamoja nasi. Bikira Maria, aliyechaguliwa bila kustahili kwa kazi zake na aliyeitika bila kulazimishwa, atuombee sasa na saa ya kufa kwetu. Amina.