Mashine Nzima, Programu Iliyokataa

Jumanne moja kwenye chumba chetu cha vijana, kompyuta ilimkataa mtu. Kuna msichana wa miaka 17 namfundisha kuchora katuni kwa Blender, ile programu ya bure. Alileta toleo jipya kwenye flashi. Tukalifungua, likasema kadi ya picha ya mashine hii haitoshi. Mashine yenyewe ni nzima kabisa: inawaka, inacheza filamu, inaandika barua. Akaniuliza, "Kaka, sasa kosa ni la nani?" Nikamjibu hakuna kosa, ni maendeleo tu. Jibu langu lile linanikera hadi leo.

Iko hivi. Programu haiongei na kadi ya picha moja kwa moja. Inapitia lugha ya katikati, kama sisi tunavyopitia mkalimani siku ya mahojiano. Lugha moja iliyoenea sana ni OpenGL, iliyotoka mwaka 1992. Mwaka 2018, Apple walitangaza kwamba kuanzia macOS Mojave OpenGL imepitwa, watengenezaji wa programu wahamie Metal, lugha ya Apple wenyewe. Hawakuiondoa siku ile. Waliiacha ifanye kazi, imesimama kwenye toleo la 4.1, bila kuikuza tena.

Hapo ndipo sisi wa kambini tunaelewa haraka. Ukiambiwa "mtaondoka, tarehe mtajulishwa", unapanda mihogo au hupandi? Unaezeka upya au unangoja?

Watengenezaji nao waligawanyika hivyo hivyo. Wengine waliandika upya: Blender waliweza kuonyesha picha zao zote kwa Metal kwenye toleo la 3.5, mwaka 2023, miaka mitano baada ya tangazo. Wengine walitafuta mkalimani wa mkalimani. Yupo mmoja, MoltenVK, anayechukua lugha iitwayo Vulkan na kuigeuza kuwa Metal, na tangu 2018 yeyote anaruhusiwa kumtumia bure. Wengine walikaa kimya tu na ile ya zamani, wakisema tutaona. Na ziko programu ambazo waliozitengeneza walishatawanyika. Hizo nani ataziandika upya?

Je, mwenye mfumo ana haki ya kuacha? Mimi naona anayo. Kutunza kitu cha zamani ni kazi ya watu, tena ya kuchosha, na hakuna aliyeapa kuibeba milele. Lakini haki ya kuacha haifuti deni. Unamdai tarehe ya kweli, na unamdai njia ya kupita. Watu wa Mesa, wanaotengeneza sehemu hizi kwa ajili ya Linux, mwaka 2022 waliondoa msaada wa kadi kadhaa za zamani sana, ila waliutenga kwenye tawi lake, Amber, ili mwenye mashine kuukuu aendelee kuupata. Hiyo siiti huruma. Naiita kulipa deni.

Sasa shida yangu. Ile Blender iliyosukumwa na Apple, yenyewe ilipofika toleo la 4.0 mwaka huo huo wa 2023, ilianza kudai OpenGL 4.3 kwenye Windows na Linux. Kumbe aliyesukumwa naye anasukuma aliye chini yake. Na chini ya Blender niko mimi. Mwezi uliopita nilichoka kufundisha matoleo mawili kwa wakati mmoja, nikaamua somo liwe la mashine tatu mpya tu. Vijana wawili waliokuwa wanatumia zile za zamani wakaacha kuja. Sikuwapa tarehe. Sikuwaambia chochote, jamani. Niliwasikia tu wako uwanjani.

Basi siku ile nilitafuta Blender 3.6, maana matoleo ya zamani yamehifadhiwa kwenye tovuti yao, tukaiweka kwenye mashine iliyokataa. Ikafunguka. Binti akaanza kuchora mbuzi wa jirani yao, yule anayekula kamba za nguo. Mimi jioni nikaenda uwanjani. Mmoja alikubali kurudi Alhamisi. Mwingine aliniangalia, akasema, "Kaka, mpaka lini?" Nikamwambia hadi Desemba nitafundisha matoleo yote mawili, na baada ya hapo tutakaa tuongee kabla sijabadilisha kitu. Hajanijibu bado.